Mita Haihesabu Watu

Ujumbe wa bili ulipoingia kwenye simu ya msimamizi wa ploti anakopanga mpwa wangu, Kaptembwo hapa Nakuru, watu walitafuta mchawi kabla ya kutafuta pesa. Ploti ina vyumba vinane na mita moja. Kila mwezi msimamizi hupita mlango kwa mlango akikusanya shilingi 700 za stima, na mambo huenda. Mwezi huo bili ilisema 7,900. Gawa kwa nane, unapata karibu 990 kwa kila chumba, na hakuna mtu aliyekuwa ameiwekea 990 bajeti.

Macho yalianzia kwa mama wa chumba cha tatu, mwenye friji ndogo ya kuuzia watoto barafu. Yakahamia kwa kijana wa chumba cha saba, ambaye inasemekana huchemsha maji ya kuoga kwa koili alfajiri kabla hajaenda kibaruani. Mwingine akakumbuka kwamba kuna mtu hupiga pasi nguo za watu kwa malipo. Mpwa wangu naye akashtakiwa kwa kosa la kuchaji simu mbili. Alinipigia usiku huo huo: "Anko, kweli simu mbili zinaweza kula stima ya mia tatu?"

Haziwezi. Simu moja ukiichaji kila siku mwezi mzima haifikishi hata uniti moja. Taa ya LED ya wati 9, ukiiwasha saa tano kila usiku, inakula uniti moja na kidogo kwa mwezi. Friji ya kawaida ya nyumbani huzunguka uniti 30, ya mama yule ni ndogo zaidi, na pengine ndiyo inayowalipia watoto wake karo. Kinachokula stima ni kile kinachozalisha joto: koili, birika, pasi, shawa ya maji moto. Na hata hivyo ni lazima kiwake muda mrefu. Pasi ya wati 1,000 ikifanya kazi saa nzima bila kupumzika ni uniti moja. Watu wengi wanaogopa kifaa wanachokiona mbele yao na kusahau saa kinazokaa kikiwaka, na hesabu ya stima ni ya vyote viwili.

Nilimwambia asome mita usiku watu wakienda kulala, aisome tena alfajiri kabla koili haijawashwa. Akafanya hivyo siku tatu mfululizo, akaandika kwenye daftari. Mita ilikuwa inatembea usiku kucha huku ploti nzima imelala. Friji moja ndogo haiwezi kutembea vile. Walipoinua vichwa, wakaiona: taa kubwa ya usalama iliyofungwa getini baada ya wezi kuruka ukuta mwezi uliotangulia, halojeni ya wati 200, inawaka tangu jua kuzama hadi linapochomoza. Saa 12 mara wati 200 ni uniti 2.4 kwa usiku. Kwa mwezi ni uniti 72. Taa ya mwenye nyumba, inayolinda mali ya mwenye nyumba (sawa, na baiskeli za wapangaji pia), ilikuwa imegawanywa kimya kimya kwenye milango minane, nao wakawa wanagombania chaja za simu.

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri ya kuwasimulia watu kwenye matatu. Lakini nilipoanza kupiga hesabu za ile bili nilikuta kitu kinachoniudhi kuliko taa, na ndicho kilichonifanya niandike.

Bei ya uniti nchini Kenya haifanani kwa kila nyumba. Ina ngazi. Viwango vilivyoanza Aprili 2023, vilivyoidhinishwa na mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, EPRA, viliweka ngazi tatu za matumizi ya nyumbani. Asiyezidi uniti 30 kwa mwezi alitozwa shilingi 12.22 kwa uniti. Wa kati ya 30 na 100 alitozwa 16.30. Anayevuka 100, shilingi 20.97. Hizo ni bei kavu, kabla ya tozo na kodi. Namba zimesogezwa kidogo tangu hapo, lakini ngazi ndiyo ngazi. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui mpaka liwaumize: ukivuka mstari, bei mpya haishiki zile uniti za ziada peke yake. Inazishika zote, tangu ya kwanza. Unapangwa kwenye ngazi kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu.

Mimi nililijua kwa njia hiyo ya kuumizwa. Agosti moja watoto wa dada yangu walikuja likizo kwangu, Section 58. Agosti ya Nakuru mnaijua, asubuhi mtu anaongea anatoa moshi. Nina shawa ya kupasha maji papo hapo, ya kilowati tano. Tokeni ya elfu moja iliyozoea kunisukuma zaidi ya wiki mbili ikawa inakata roho siku ya saba, ya nane. Nikailaumu mita. Nikailaumu serikali, maana hiyo haikatai lawama. Kisha nikakaa na kalamu. Watoto wanne, dakika kumi kila mmoja, ni dakika 40 kwa siku. Kilowati tano kwa dakika 40 ni uniti 3.3. Kwa siku 30 ni uniti 100 kamili. Kuoga kwao peke yake kulitosha kunifikisha kwenye mstari wa mia hata kama ningezima taa zote nikalala na kuku. Na kwa kuwa wastani ni wa miezi mitatu, watoto walirudi shule, maji ya moto ya Agosti yakaendelea kunifuata hadi Oktoba. Wenye wageni wa Desemba wanajua habari hii. Ndiyo moja ya viungo vya Njaanuari.

Lakini mimi ni nyumba moja na mita moja. Nikivuka 100 nimevuka kwa maji yangu ya moto. Turudi Kaptembwo.

Bili ile ilikuwa ya uniti 248. Tuitoe ile taa ya usalama, uniti 72, kwenye hesabu. Vyumba vinane vilikuwa vinatumia, vyote pamoja, uniti 176. Kila chumba uniti 22. Hao ndio watu ambao ngazi ya chini kabisa iliwekwa kwa ajili yao, bei ya walalahoi, uniti zisizozidi 30. Taa mbili, redio, runinga ndogo, simu. Lakini mita haijui kuna milango minane. Inaona mteja mmoja anayetumia 176, inamweka kwenye ngazi moja na mtu wa Milimani mwenye bwawa la kuogelea.

Kwa bei za Aprili 2023, uniti 22 kwenye ngazi ya chini ni shilingi 268.84. Kwenye ngazi ya juu ni 461.34. Tofauti ni 192.50. Ongeza asilimia 5 ya tozo ya kusambaza umeme vijijini (naam, mpangaji wa Kaptembwo anachangia nguzo za kijijini kwa mwingine) na asilimia 16 ya VAT, unafika karibu 233 kwa kila chumba kila mwezi. Hiyo ni pakiti ya unga wa kilo mbili na chenji ya sukuma wiki. Inalipwa kwa kosa la kupanga kwenye ploti yenye mita moja.

Sasa upande wa pili wa sarafu. Nenda Vihiga, Siaya, Kakamega, uone nyumba nzuri zilizojengwa ushago na wanetu walioko Nairobi na ng'ambo. Vigae juu, marumaru chini, geti la chuma. Zimefungwa tangu Januari. Zinafunguliwa Krismasi na matanga. Miezi iliyobaki ni taa moja ya nje na kijana wa kulinda anayechaji simu. Mita yake inasoma uniti 10, 12, na mwenye nyumba analipa bei ya walalahoi bila hata kuiomba. Au kijana wa bedsita mjini Kisumu, mwenye mshahara mzuri, anayekula hotelini mchana na usiku na kurudi kulala tu. Uniti 25. Naye ni mlalahoi kwa mujibu wa mita.

Siwalaumu hao. Hawakuiba kitu. Ninachosema ni kwamba tulipotaka kuwasaidia maskini tulichukua mita kuwa kipimo cha umaskini, na kwenye miji yetu mita kubwa mara nyingi ni alama ya watu wengi waliobanana. Nyalenda na Manyatta za Kisumu, Rhonda na Kaptembwo za Nakuru, kuna ploti nyingi za namna hii.

Wala mambo hayakuwa hivi siku zote. Katikati ya mwaka 2018 ngazi ya chini iliwekwa kuwa uniti 10 tu, watu wakapiga kelele, na kufikia Novemba mwaka huo ikasogezwa hadi uniti 100 kwa shilingi 10 kila moja. Kwa miaka zaidi ya minne ploti ya vyumba vinne ingeweza kujikunyata chini ya ule mwavuli. Aprili 2023 mwavuli ukakunjwa hadi 30. Hoja iliyotolewa ilikuwa na mantiki yake: wateja wengi mno wasio maskini walikuwa wamejificha humo, na gharama yao hubebwa na wengine. Kweli. Ila uniti 30 ni chumba kimoja. Ploti ya vyumba viwili tu, kila kimoja uniti 16, imeshatoka nje.

Watu huniambia dawa ni sabumita. Fundi anafunga kimita kidogo kila chumba, kila mtu analipa alichotumia, ugomvi unaisha. Ugomvi wa mama wa friji na kijana wa koili unaisha kweli, na kwa hilo peke yake sabumita inastahili pesa yake. Lakini inagawa uniti; haigusi bei. Kampuni ya umeme bado inaiona mita mama tu, na mita mama iko ngazi ya juu. Ndiyo maana mwenye nyumba akikuambia uniti kwake ni shilingi 30, usimwite mwizi haraka. Chukua bei ya ngazi ya juu, weka gharama ya mafuta, weka marekebisho ya fedha za kigeni, weka kodi na tozo ndogondogo, utajikuta unakaribia hapo hapo. Akisema 45, hapo muulize.

Dawa yenyewe ni kila mlango kuwa na mita yake ya kampuni, kwa jina lake, ya tokeni. Wapo wenye ploti waliofanya hivyo, na wapangaji wao wanapumua. Wengi hawataki. Kila muunganisho una gharama, nyaya za ploti za zamani hazipiti ukaguzi bila kufumuliwa, na mwenye ploti hapati faida yoyote kwa mpangaji kulipa bei nafuu. Mradi wa kuunganisha umeme majumbani ulioanza 2015 ulishusha ada hadi 15,000 kwa walio ndani ya mita 600 kutoka transfoma. Zidisha 15,000 kwa milango minane uone kama kuna mwenye ploti atakayetabasamu.

Kuhusu yale mengine yanayovimbisha bili, nitapita haraka kwa sababu hakuna awezaye kuyapunguza akiwa jikoni kwake. Gharama ya mafuta hubadilika kila mwezi na kutangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali. Hupanda mvua ikikosekana, mabwawa yakapungua, mitambo ya dizeli ikawashwa. Kwa miaka mingi magharibi mwa Kenya kulitegemea mitambo ya Muhoroni inayochoma mafuta, kwa kuwa nyaya za kupeleka huko umeme wa bei rahisi zilikuwa dhaifu. Marekebisho ya fedha za kigeni yapo kwa sababu mikopo na mikataba mingi ya umeme ni ya dola. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160, na mama wa barafu, ambaye hajawahi kuishika dola mkononi, akailipia.

Mtu wa Nakuru ana haki ya kucheka kidogo hapa, kicheko cha uchungu. Kaunti hii imekaa juu ya chungu kinachotokota. Olkaria iko kwetu. Menengai, ile kreta tunayowapeleka wageni kupiga picha, ina mtambo wa megawati 35 ulioanza kuzalisha umeme mwaka 2023. Takriban asilimia 40 ya umeme wa nchi hii unatokana na mvuke wa ardhini, na mvuke hauchomi lita hata moja ya dizeli. Lakini gridi ni moja, na safu ya mafuta iko kwenye bili ya Kaptembwo sawasawa na ya Mombasa. Mtu husimama getini akiuona mlima unaotoa mvuke huku akilipia dizeli.

Basi mtu aliyeamka akakuta bili inayomtoa jasho afanye nini? Kwanza asome mita yenyewe, kwa macho yake, alinganishe na namba iliyo kwenye bili. Kwa mita za kulipa baadaye, bili hueleza kama usomaji ulikuwa halisi au ni wa kukadiria. Hapa ndipo bili nyingi za kushangaza huzaliwa: makadirio ya chini miezi miwili mitatu, unafurahi, kisha msomaji anafika mlangoni na deni lote linakuja kwa mkupuo. Piga picha ya mita tarehe ile ile kila mwezi. Picha ile, yenye tarehe, ina nguvu kuliko dakika 40 za kubishana kaunta. Makosa yakiwepo, malalamiko hupelekwa kwanza kwa kampuni, kwa maandishi, uhifadhi nakala. Wasipokusikiliza unakwenda EPRA, na juu yake kuna Mahakama Maalum ya Kawi na Petroli chini ya Sheria ya Kawi ya 2019. Ni njia ndefu, lakini ipo, na barua hailipiwi kama wakili. Kama deni ni halali na huna pesa, omba kulilipa kwa awamu kabla hujakatiwa, maana kurudishiwa stima kuna ada yake.

Kwa aliye kwenye ploti, jambo la kwanza ni kuuliza nani analipia taa za nje, pampu ya maji na choo cha pamoja. Nimeuliza watu kadhaa wanaopanga, na wengi walinitazama kama mtu anayeuliza nani analipia jua.

Lakini daftari na picha haziwezi kuondoa zile shilingi 233. Hizo ziko kwenye kanuni. EPRA inaweza kuziondoa kwa utaratibu usio mgumu sana: ploti yenye mita moja isajiliwe na idadi ya kaya zilizomo, na mstari wa 30 uzidishwe kwa idadi hiyo. Vyumba vinane, mstari 240. Chumba kimoja kikiacha koili ikiwaka mchana kutwa, wote watavuka, na watamshughulikia wenyewe. Tumeshaona wanavyojua kumtafuta mtu.

Nitaambiwa wenye ploti watadanganya, wataandika vyumba kumi na viwili pale penye nane. Wengine watadanganya. Lakini vyumba ni matofali na milango, afisa anaviona akisimama uani dakika mbili, na ni rahisi kuvihesabu kuliko kukagua kipato cha mtu. Nitaambiwa pia kwamba nafuu ya hao lazima ilipiwe na mwingine. Ni kweli, na mwingine huyo ni mimi wa Section 58 mwenye shawa ya kilowati tano, na yule mwenye nyumba ya vigae inayofunguliwa Krismasi. Bili yangu itapanda kidogo. Nitanung'unika, nijuavyo nafsi yangu, halafu nitawaambia watoto wa dada yangu waoge kwa beseni.

Mwenye ploti alikubali kubadilisha ile taa baada ya kuonyeshwa daftari. Siku hizi iko LED ya wati 20, na wezi hawajarudi, wala mwanga haujapungua kiasi cha mtu kulalamika. Kijana wa koili na mama wa friji wanasalimiana tena. Mwezi uliopita mpwa wangu alinitumia picha ya mita na hesabu kaipiga mwenyewe chini yake kwa kalamu: uniti 183, kutoka 248. Akaniuliza kama sasa wameshuka ngazi.

Nikamwandikia: bado, mpaka mshuke chini ya mia moja. Akanijibu kwa swali moja tu, "Sisi sote nane?"